Maboksi sita na ndoo moja ya rangi

Maboksi yalipanda ngazi Jumamosi asubuhi, saa ile saiba yangu inapojaa watoto wa shule waliokuja kuchapisha picha za kubandika kwenye miradi yao. Sita kwa hesabu. Matatu ya mafuta ya kupikia, mawili ya biskuti, moja la televisheni ya zamani, ile yenye mgongo. Kijana wa mkokoteni akarudi chini, akaleta na ndoo nyeupe ya rangi, ya lita 20, kifuniko kimezungushiwa utepe wa gundi. Halafu akatokea Mwalimu mwenyewe, kofia mkononi, akihema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Wanataka rekodi."

"Rekodi gani?"

"Ya kufundisha. Yote. Tangu nianze."

Nikayatazama yale maboksi, nikawaambia watoto wa picha wasogee.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma: nina saiba hapa Nakuru mjini, ghorofa ya kwanza, karibu na steji ya matatu za Njoro. Naandikia watu tasnifu, CV, barua za kuomba kazi na barua za kuacha kazi. Kabla ya hapo nilikuwa mwanafunzi wa huyu mzee. Nilijiunga 1996, nikasomea maliasili, nikatoka na digrii nikidhani misitu na mito inanisubiri. Kilichonisubiri ni kompyuta mbili za mitumba na printa ya wino. Sijuti. Chuo chenyewe sikitaji, maana wateja wangu wengi wanatoka huko na mwenye nyumba hapokei ukweli badala ya kodi.

Mwalimu amefikisha umri wa kustaafu. Chuo kinataka kumpa mkataba wa muda ili aendelee kufundisha, ila kwanza ajaze fomu. Kurasa sita. Kila kozi aliyowahi kufundisha, namba yake, mwaka, muhula, saa kwa wiki, idadi ya wanafunzi. Kila mwanafunzi wa uzamili na uzamifu aliyemsimamia hadi akahitimu. Vyuo alikokwenda kuwa mtahini wa nje. Mitaala aliyoshiriki kuiandika. Na pembeni mwa kila kisanduku, neno moja: ushahidi.

Nimeandika CV za wahadhiri wengi. Tangu Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilipotoa vigezo vya kuajiri na kupandisha vyeo mwaka 2014, wote wananijia wakihesabu pointi. Machapisho wanayo kwenye flashi, yamepangwa vizuri, mapya juu. Ukifika sehemu ya kufundisha wanakuambia, "Andika tu kozi mbili tatu pale." Mwalimu alikuwa kinyume chao. Machapisho yake yaliingia kwenye bahasha moja. Yaliyobaki, maboksi sita na ndoo, yalikuwa darasa.

Tatizo la kwanza lilikuwa majina. Kuna kozi moja ambayo nilipoifundishwa mimi iliitwa Uhifadhi wa Udongo na Maji. Mtaala ulipopitiwa ikawa Usimamizi wa Maliasili. Ulipopitiwa tena ikawa Maliasili na Maendeleo Endelevu. Fomu inataka ziandikwe kozi tatu, kila moja na saa zake. Mimi nilishika noti mkononi nikaona ni kozi ile ile; ukurasa wa matuta ya kukinga mmomonyoko ni karatasi moja tangu mwanzo, ila matundu ya stepla yameongezeka. Ukiyahesabu matundu kama unavyohesabu pete za shina la mti utajua karatasi imeingia madarasani mara ngapi. Nilimwuliza niandike moja au tatu. Akasema, "Andika tatu, ndivyo walivyoniajiri." Kisha akafikiri. "Lakini saa usizirudie."

Pambizo za noti zake ndizo zilizonichelewesha. Mwalimu hafuti, anaongeza. Penye mambo ya tathmini ya athari kwa mazingira, noti za zamani zinaanza kwa mifano ya nchi za watu. Halafu kwa kalamu ya buluu: "Sheria sasa ipo!!" Hiyo ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, na nyuma yake amebandika kopi ya kopi ya sheria yenyewe, imefifia hadi unaisoma kwa kukisia. Kalamu nyekundu: kanuni za tathmini, 2003. Penseli: Katiba 2010, Ibara ya 42, haki ya mazingira safi, Ibara ya 69, miti angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Pembeni ya hiyo asilimia 10 ameandika "mti gani?" Nilicheka peke yangu. Hilo alikuwa akituuliza hata sisi, kabla Katiba haijaandikwa: ukipanda mikaratusi kando ya chemchemi umepanda mti, ndiyo, lakini chemchemi je?

Boksi la tatu lote lilikuwa limefungwa kwa majuala. Yale ya plastiki, yaliyopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, faini hadi milioni nne au kifungo hadi miaka minne. Ndani ya juala mojawapo, nawaapia, kulikuwa na mtihani wa mwaka huo wenye swali kuhusu marufuku hiyo. Nikamwambia, Mwalimu, tukikutwa na hii tunafungwa sote. Akasema yalinunuliwa kabla ya sheria.

Idadi ya wanafunzi sitaieleza sana, maana ilikuwa kazi ya kuchosha na haina hadithi. Darasa letu tulikuwa 31. Nilijiona kwenye orodha, jina la kabla sijaolewa, nikakaa nalo kidogo. Walipoanza kuingia wanafunzi wa kujilipia, karatasi za alama zikawa ndefu, kurasa mbili, kurasa tano. Kuna mihula haina karatasi kabisa. Ofisi iliyopaswa kuzihifadhi ilisema zilinyeshewa. Muhula wa mwanzo wa 2008 hauna hata noti, na kwa aliyekuwa Nakuru Januari ile ya ghasia za baada ya uchaguzi hakuna haja ya kuuliza kwa nini. Mwaka 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, ushahidi ni jumbe za sauti za WhatsApp, dakika nane nane, jogoo akiwika nyuma yake. Nilizihesabu kama mihadhara. Kama mkaguzi anataka, azisikilize.

Sasa ndoo.

Niliifungua Jumatano usiku, baada ya kufunga duka. Nilidhani ni risiti. Zilikuwepo, lakini juu yake kulikuwa na madaftari, yale madogo ya mraba yenye jalada gumu, zaidi ya arobaini. Madaftari ya Mto Njoro. Paa la ofisi yake linavuja, kwa hiyo noti zake za kufundishia aliziacha kwenye maboksi, na kazi za wanafunzi akaziweka kwenye ndoo yenye kifuniko. Hili sikumwambia nimeliona.

Kila darasa lake, mwaka wowote, kozi iitwayo jina lolote, lazima liende mtoni siku moja. Daraja lile lile, hapo juu ya mji wa Njoro. Mnapima mita 10 kando ya maji kwa utepe, mnafunga kamba mbili kukatiza mto. Mnapima upana, mnapima kina kila nusu mita kwa rula ndefu ya mbao. Halafu mnatupa chungwa.

Chungwa, kwa sababu linaelea likiwa limezama karibu lote. Kipande cha mbao au chupa tupu hupeperushwa na upepo. Chungwa hubebwa na maji. Mmoja anasimama kwenye kamba ya juu anapaza sauti, mwingine kwenye kamba ya chini ana saa. Mnarudia mara tatu, mnatafuta wastani. Tuseme limechukua sekunde 25 kupita mita 10: hiyo ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo unazidisha kwa 0.85, unapata 0.34. Mto una upana wa mita 4 na kina cha wastani cha sentimita 30, eneo lake mita 1.2 za mraba. Zidisha. Lita 408 zinapita hapo kila sekunde. Mwalimu hakuruhusu kikokotoo hadi uwe umekisia kwanza kwa macho, ukaandika kisio lako, ukatia sahihi. Nilikisia lita elfu tano. Ipo kwenye daftari, na sahihi yangu chini yake, ya kizembe.

Mto wenyewe unatoka msitu wa Mau Mashariki na kumwaga Ziwa Nakuru, pamoja na mito ya Makalia na Nderit. Mwaka 2001 serikali ilipotangaza kumega zaidi ya hekta 67,000 za misitu nchini, sehemu kubwa ilikuwa ya huko juu ya mto wetu. Nilipokuwa nikipanga madaftari kwa miaka sakafuni nilikuwa nikitafuta huo mwaka, kama mtu anayetafuta kovu. Haukuonekana hivyo. Yaliyoonekana ni madaftari yanayoruka: huyu Mei amepata maji hadi kiunoni na mwalimu amewakataza kuingia, huyu wa mwaka uliofuata, Februari, kina sentimita 6. Na moja, mwandiko wa msichana nadhani, safi kabisa, tarehe, saa, hali ya hewa, majina ya kikundi, halafu kwenye nafasi ya vipimo:

"Mto umekauka. Machungwa yameliwa."

Alama 8 juu ya 10. Mbili alinyimwa, nilisoma, kwa sababu hawakupima upana wa mkondo mkavu.

Zipo nyingine tatu za namna hiyo kadiri miaka inavyosogea. Nilimpigia simu usiku huo huo nikamwambia, Mwalimu, hii ni data. Akanikata: "Hiyo si data, ni mazoezi. Mwaka mmoja tumekwenda Februari, mwaka mwingine Mei, mwaka wa mgomo tumekwenda Septemba. Huwezi kulinganisha kiangazi na masika ukasema mto umepungua." Nikanyamaza. Hilo pia alitufundisha.

Ugomvi wetu ulitoka kwenye boksi la televisheni. Humo kulikuwa na mitihani, na kila mtihani na mwongozo wake wa kusahihisha, umeshikizwa kwa pini iliyoota kutu. Niliutafuta wa kwetu, Julai 1997. Swali la pili, alama 20: Ziwa Nakuru limekuwa likikauka, jadili sababu. Nalikumbuka swali hilo kama wimbo. Miaka ile ya katikati ya tisini maji yalirudi nyuma hadi vumbi la magadi likawa linapeperuka kuelekea mjini, na flamingo wakahama. Niliandika kurasa tano. Mwongozo unasema jibu la kwanza, alama 4: ukataji wa misitu ya Mau.

Kisha nikachukua mtihani wa 2014. Wakati huo lango kuu la Mbuga ya Ziwa Nakuru limeshamezwa na maji. Ziwa lililokuwa na kilomita za mraba kama 40 mwaka 2010 lilikuwa linanenepa hadi likaja kupita 60. Swali la pili, alama 20: Maji ya Ziwa Nakuru yamepanda, jadili sababu. Mwongozo, jibu la kwanza, alama 4: ukataji wa misitu ya Mau.

Nikaiweka miwili hiyo mezani, ubavu kwa ubavu, nikamsubiri.

Alipokuja aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Nilikuwa nimejiandaa kucheka naye. Hakucheka. Alivuta kiti cha mteja.

"Yote mawili ni kweli," akasema.

"Mwalimu, ziwa haliwezi kukauka na kufurika kwa sababu moja."

"Ziwa, hapana. Mto, ndiyo." Akanieleza kama nina miaka kumi na tisa tena. Msitu ukiwepo mvua inazama taratibu, inatoka taratibu, mto unakuwa na maji hata kiangazi. Ukiukata, mvua inateremka yote kwa siku moja na udongo juu. Masika mto unafurika, kiangazi unakauka. Lakini miti nayo hunywa maji, kwa hiyo ukiukata msitu, kwa hesabu ya mwaka mzima huenda maji yanayofika ziwani yakaongezeka, wala si kupungua. Ziwa halina njia ya kutoka, linahesabu mvua ya miaka na jua la miaka. Lilikwisha kukauka karne hiyo hiyo, huko nyuma, kabla ya shoka nyingi kufika Mau. Na baada ya mtihani wetu wa Julai, miezi michache tu, mvua za El Niño zilianza, maji yakarudi. Ripoti ya serikali ya 2021 kuhusu maziwa ya Bonde la Ufa kujaa iliweka mvua iliyoongezeka mbele, matumizi ya ardhi nyuma yake.

"Kwa hiyo swali lilikuwa baya," nikasema.

"Swali lilikuwa la mwaka wake."

"Mwongozo ulinipa alama nne."

"Ulitaka nikunyime?"

Akaichukua mitihani yote miwili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti. Fomu inataka sampuli tatu za mitihani, akasema, tutaweka zile za tathmini ya athari, ni nzuri. Mimi nikasema zile ni nzuri kweli lakini hazionyeshi kitu. Mtu yeyote aliyefuata kanuni za 2003 angeziandika. Hizi mbili ndizo zinazoonyesha mtu aliyefundisha ziwa moja kwa miaka yote hiyo likimgeukia. Nilisema kwa sauti, wateja wakageuka. Hajawahi kunisikia nikimjibu hivyo, na kusema kweli hata mimi sijawahi kujisikia. Mkubwa kwangu, mwalimu wangu, na duka limejaa.

Akasema, "Binti, hii ni fomu ya mkataba. Si kitubio."

Akaondoka nazo.

Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshazipiga skani. Kopi ninazo mpaka leo, kwenye folda yenye jina la mtoto wangu ili wafanyakazi wangu wasiifungue. Sikuziingiza kwenye faili lake. Faili ni lake.

Siku mbili baadaye alirudi, akanipa karatasi moja aliyoiandika mwenyewe kwa mkono. Akataka niichape iende mwisho wa sehemu ya mitaala, pale penye "Maelezo mengine." Ilikuwa mistari michache. Kwamba mwaka 1997 alitahini kukauka kwa ziwa na mwaka 2014 kupanda kwake, na kwamba mwongozo wa mwaka 2014 aliunakili kutoka ule wa zamani bila kuufikiri upya. Kwamba tangu 2022 swali hilo halitoi tena kwa njia hiyo. Huwapa wanafunzi vipimo vya mto vya kiangazi na vya masika, akawauliza vipimo hivyo haviwezi kusema nini kuhusu ziwa. Nilichapa bila kuongeza koma. Mitihani yenyewe hakuirudisha, wala sikuiulizia.

Faili lilikuwa na kurasa 212. Nilimtoza za wino na karatasi tu, akakataa, tukavutana, akaacha noti chini ya kibodi. Lilipelekwa chuoni Ijumaa. Jumanne likarudi. Afisa aliyelipokea alikuwa amebandika karatasi ya manjano: sehemu ya nne, kazi za nyanjani, hakuna ushahidi kwamba zilifanyika. Madaftari hayakubaliki kwa sababu hayana muhuri.

Nikarudi kwenye ndoo. Chini kabisa, chini ya madaftari, zilikuwepo risiti. Mama wa machungwa sokoni hana kitabu cha risiti, kwa hiyo kila mwaka kiongozi wa darasa alikuwa akinunua kitabu dukani, anaandika mwenyewe, mama anatia kidole gumba. "Machungwa, dazani mbili, kwa ajili ya kupima mto." Bei inapanda mwaka hadi mwaka, kidole ni kile kile hadi mahali fulani, halafu kinakuwa kingine, chembamba zaidi. Idara ilikuwa ikiwarudishia wanafunzi pesa hizo, kwa hiyo kila risiti ilikuwa imepigwa muhuri. Rangi ya zambarau, tarehe inasomeka.

Nikazipiga skani zote, nne kwa ukurasa. Faili likapokelewa.

Jana Mwalimu kanipigia. Ana darasa jipya, mwaka wa pili, wanakwenda darajani Jumatano. Ameniomba, kwa kuwa mimi hupita sokoni asubuhi, nimchukulie machungwa dazani mbili, yale magumu, yasiwe yameiva sana.

"Na risiti," akasema.